Uso wa bibi ndani ya mega 16

"Assalaam aleikum mwanangu. Video imefika, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Mama nimemsikia. Sijamwona."

Ujumbe huo wa sauti uliingia kwenye simu yangu alfajiri moja mwaka 2015, siku mbili baada ya harusi niliyoirekodi Ngamiani, hapa Tanga. Aliyeutuma alikuwa Muscat. Ni mama mdogo wa bi harusi. Kazini kwake hawakumpa ruhusa ya kusafiri, na katika shughuli nzima alikuwa ameniomba kitu kimoja: pale mama yake mzazi, yaani bibi wa bi harusi, atakapomfukiza mjukuu wake udi, amfunike kanga mabegani na kumwombea dua. Nilikirekodi. Kwenye laptopu yangu uso wa yule bibi ulionekana mpaka mikunjo ya pembeni mwa macho. Kwenye simu ya binti yake palikuwa na miraba ya rangi ya kahawia inayohamahama, na nyuma ya miraba hiyo sauti ya dua.

Hakulalamika. Alishukuru kwanza, kisha akataja alichokikosa kwa neno moja, "sijamwona", na neno hilo ndilo lililonifundisha kazi yangu kuliko kitu chochote nilichowahi kusoma.

Kazi yenyewe ni kurekodi na kuhariri harusi za upande wa wanawake. Siku ya singo, siku ya hina, usiku wa taarabu, kutolewa nje kwa bi harusi: humo haingii mwanamume, kamera inashikwa na mwanamke, na nyumba nyingi huziacha simu za wageni kwenye kapu mlangoni. Kinachotoka kwenye kamera yangu mara nyingi ndicho kumbukumbu pekee ya siku ile. Na kwa kuwa wanawake humo ndani wako vichwa wazi, wamejipamba kwa ajili ya wenzao, video haiwekwi YouTube hata kwa kiungo cha siri. Inapita mkono kwa mkono: flashi kwa waliopo mjini, WhatsApp kwa waliopo mbali. Mwenzangu wa upande wa wanaume aliweza kupakia giga mbili mtandaoni akatuma kiungo, basi. Mimi mwaka ule nilikuwa na mega 16, kwa sababu hicho ndicho kilikuwa kikomo cha video kwenye WhatsApp.

Mega 16 si kidogo, ila lazima uzihesabu. Mega moja ina biti milioni nane, kwa hiyo mega 16 ni biti milioni 128. Video yangu ilikuwa ya dakika sita, sekunde 360. Ukigawanya unapata kilobiti 355 kwa kila sekunde, picha na sauti kwa pamoja. Sauti niliiacha kwenye kilobiti 128 kama programu ilivyoipanga yenyewe. Picha ikabakiwa na 227. Na hiyo picha niliitaka iwe ya nukta, yaani pikseli, 1280 kwa 720, kwa sababu niliona aibu kutuma kitu kidogo kwa mtu aliyenilipa. Kamera yangu ilikuwa imerekodi kwa megabiti 24 kwa sekunde. Nilichomtumia mama mdogo kilikuwa kimebanwa zaidi ya mara mia kutoka hapo, na hesabu hiyo ya dakika mbili sikuifanya mpaka baada ya ujumbe wake. Kabla ya hapo nilikuwa nikishusha namba ya ubora kidogo kidogo, narenda, yaani naiambia programu itoe faili la video, naangalia uzito wake, nashusha tena, mpaka likapita.

Nikaenda kuuliza. Kuna kaka mmoja hapa mjini aliyewahi kuwa fundi mitambo kwenye kituo cha televisheni. Video ya harusi sikuweza kumwonyesha, kwa sababu ile ile ya vichwa wazi. Kwa hiyo nikamrekodi mdogo wangu chumbani akifukiza udi, nikaihariri ile rekodi kama nilivyohariri harusi, kwa mapambo yale yale na mipangilio ile ile, nikampelekea. Aliifungua kwa VLC, programu ya kuchezea video, akaisimamisha, kisha akawa anabonyeza herufi E. Kila ukibonyeza E, VLC inasogea fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazopangana kuwa video. Tulikaa tukiangalia fremu moja moja, na baada ya kama dakika kumi akaniuliza, "Dada, biti zako umezitumia wapi?"

Nilidhani ananiuliza nina biti ngapi. Akarudia: wapi.

Akanieleza hivi. Kodeki, yaani kanuni ya kubana na kufungua video, kama H.264, ambayo imekuwepo tangu 2003 na ndiyo inayochezwa na karibu kila simu, haihifadhi kila picha nzima. Inahifadhi fremu moja kamili, halafu zinazofuata inaandika tofauti tu: hiki kimesogea kushoto, kile kimebaki, pale pamezuka kitu kipya. Ukuta uliotulia hauna gharama. Mkono unaopunga una gharama ndogo, kwa sababu ni mkono ule ule umehama. Hapo nilikuwa namfuata. Kisha akairudisha video mpaka mahali nilipoweka disolvu, ile transisheni ambayo picha moja inayeyuka huku nyingine ikijitokeza ndani yake. Yangu ilikuwa ya sekunde mbili. Kwa fremu 25 kwa sekunde, hizo ni fremu 50, na katika fremu zote 50 hakuna kilichotoka hapa kikaenda pale: kila kitu kinageuka kuwa kitu kingine, kila pikseli, kila fremu. Ile hila ya "hiki kimesogea tu" haifanyi kazi. Kodeki inalazimika kuandika karibu kila kitu upya mara hamsini, na biti za kufanya hivyo haina, kwa hiyo inaandika kwa miraba mikubwa.

Mkato wa kawaida nao una gharama, lakini unailipa mara moja. Picha ikibadilika ghafla, x264, ambayo ndiyo inayotumiwa na programu nyingi kubana H.264, inatambua kwamba tukio ni jipya, inaweka fremu kamili hapo hapo, na maisha yanaendelea. Kwenye disolvu hakuna mahali pa ghafla. Picha mpya inajengwa kipande kwa kipande juu ya mabaki ya ile ya zamani, na ikimaliza kuingia inakuwa bado ni chafu. Itasubiri isafishwe taratibu, au isubiri fremu kamili inayofuata. Na x264 ukiiachia mipangilio yake inaweza kukaa hadi fremu 250 kabla ya kujilazimisha kuweka fremu kamili. Hizo ni sekunde kumi.

Nilirudi nyumbani nikafungua mradi wa harusi. Kabla ya bibi kuingia kulikuwa na wanawake wanacheza taarabu, magauni ya vimetameta, kila kimeta kinawaka na kuzima. Kutoka hapo niliweka disolvu ya sekunde mbili kumleta bibi. Juu yake nikaweka maua ya waridi yanayodondoka, yale yanayonunuliwa kwa mkupuo kwenye flashi na kila mhariri mjini alikuwa nayo. Bibi alikaa kwenye skrini sekunde tisa, kisha nikaweka disolvu nyingine. Sekunde tisa. Aliingia akiwa mchafu kutokana na vimeta vya waliomtangulia, maua yakala biti ambazo zingemsafisha, na kabla fremu kamili haijafika nikamwondoa. Binti yake hakuwa na hata fremu moja ya kumwona mama yake.

Na nilikuwa nimefanya hivyo kwa mapenzi. Niliona pale ndipo penye uzito wa harusi, nikapapamba kuliko mahali pengine popote. Ndicho kilichonikalia moyoni kwa siku nyingi: kadiri nilivyoona jambo ni kubwa ndivyo nilivyolifunika.

Niliirudia video usiku ule. Maua nikayatoa. Muziki niliouweka chini ya dua nikautoa. Zile sekunde tisa nikazirudisha kwenye rekodi ya mwanzo, ambayo ilikuwa dakika moja na sekunde 40 bila kukatika, kamera iko juu ya stendi, bibi anaingia na chetezo, anafukiza, anafunika, anaomba. Sikugusa kitu kingine. Ikawa sekunde 100. Nililenga mega 15 badala ya 16 ili ibaki nafasi kidogo: biti milioni 120 gawanya kwa 100, kilobiti 1,200 kwa sekunde. Sauti ya mtu mmoja anayeomba dua haihitaji stirio wala kilobiti 128, nikaipa 64. Picha ikapata 1,136, mara tano ya ile ya kwanza, kwa ukubwa ule ule wa 1280 kwa 720. Nikairenda kwa kupita mara mbili. Kupita mara mbili ni kama mpishi wa pilau anayehesabu wageni wote kabla ya kuanza kupakua: safari ya kwanza programu inaisoma video nzima na kuandika wapi pagumu na wapi pepesi, safari ya pili inagawa biti kwa hesabu hiyo. Ukipita mara moja kwa uzito uliowekewa kikomo, programu inapakua huku haijui nani yuko mwisho wa foleni.

Nikaituma saa saba usiku. Jibu lilikuja adhuhuri, safari hii kwa maandishi.

"Nimemwona. Kanga ni ile ya Wema Hauozi, nilimletea mimi mwenyewe."

Alikuwa amesoma jina la kanga.

Tangu siku hiyo jina la kanga limekuwa kipimo changu. Kabla sijatuma video yoyote yenye kanga nasimamisha hapo, kwenye simu ya bei nafuu niliyonunua kwa kazi hiyo tu, nikiwa umbali wa mkono, na nasoma. Kama silisomi, sitatuma. Kanga inampa mbanaji taabu ya aina mbili. Ya kwanza ni udogo wa herufi. Ya pili ni rangi, na hii niliichelewa kuielewa. Video za kawaida tunazorenda huhifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi huhifadhiwa moja kwa kila pikseli nne. Jicho halitambui kwa sababu linafuata mwanga kuliko rangi. Herufi nyeusi juu ya nyeupe zinapona, tofauti yake ni ya mwanga. Herufi nyekundu juu ya waridi au ya chungwa iliyokolea tofauti yake kubwa ni ya rangi kuliko ya mwanga, na hapo zinayeyukiana. Jambo hilo hilo liliharibu majina ya maharusi niliyokuwa nikiyaandika mwanzoni mwa video kwa nyekundu juu ya damu ya mzee. Sasa naandika kwa rangi ya maziwa, na kivuli chembamba cheusi chini yake. Kwa upande wa kanga yenyewe, namwomba mvaaji ageuke, nasimama sekunde tano bila kutikisika. Picha ikitulia, kila fremu inayokuja inakuwa karibu bure, na biti zinazobaki zinaenda kunoa herufi. Ukitazama vizuri utaona kanga inazidi kusomeka kila sekunde inavyopita.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba kubana video hakuanzii kwenye dirisha la kurenda. Kunaanzia ukumbini. Stendi ya kamera ni mpangilio wa kubana. Taa ni mpangilio wa kubana. Chumba chenye giza kinailazimisha kamera ipandishe nguvu ya kuona, na picha inajaa chengachenga. Zile chenga hubadilika kila fremu bila utaratibu, kodeki inazichukulia kuwa ni habari muhimu, inazilipia, na uso unakosa. Nilinunua taa mbili ndogo za LED kabla sijabadilisha laptopu, na sijutii. Ukishindwa na taa, HandBrake, programu ya kubana video, ina kichujio cha kupunguza chenga kabla ya kubana. Kiweke kwa kiasi chepesi, kwa sababu kikizidi kinafuta ngozi za watu wakawa kama nta. Halafu umeme wetu. Ni wa hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na ukirekodi kwa shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga wa kila fremu, isiyolingana nao, tuseme 1/60 ya sekunde, picha nzima inapanda na kushuka mwanga. Jicho likizoea halioni. Kodeki inaona mabadiliko ya fremu nzima kila mara. Narekodi fremu 25, shata 1/50, na nimeacha kuigusa.

Nirudi kwenye transisheni, kwa sababu ndipo ninapobishana na watu.

Nilijifanyia jaribio ambalo nawashauri wote wanaoanza walifanye. x264 ina njia ya kurenda inayoitwa CRF: badala ya kuipa uzito wa faili unaipa kiwango cha ubora, nayo inatumia biti zozote zinazohitajika kufikia ubora huo. Namba yake inatoka 0 hadi 51, ya kawaida ni 23, na kadiri inavyopanda ndivyo picha inavyoshuka. Ukiongeza sita, faili hupungua kama nusu. Kwa sababu ubora unashikiliwa pale pale, uzito wa faili unageuka mizani. Nilichukua dakika moja ya rekodi, nikaihariri mara nne: mikato mitupu, disolvu fupi, disolvu ndefu, na disolvu ndefu yenye maua. Zote kwa CRF 23. Nikazipanga kwenye folda kwa uzito. Mikato mitupu ilikuwa nyepesi, disolvu zikafuata kwa urefu wake, na ile ya maua ikawa juu ya zote kwa mbali. Baada ya hapo nikayapima mengine yote niliyokuwa nayo: mchemraba unaozunguka, ukurasa unaofunuka, moyo unaofunguka katikati ya skrini, vumbi la dhahabu. Vumbi la dhahabu ndilo baya kuliko yote. Punje ndogo, nyingi, zinazowaka, zinazopita juu ya kila kitu. Hakuna cha kubana hapo. Ukurasa unaofunuka, nilishangaa, si mbaya sana, kwa sababu picha inahama ikiwa nzima na kodeki inaweza kuifuata.

Wenzangu wengine hawakubaliani nami. Wanasema mteja amelipia mapambo, asipoyaona ataona umemfanyia kazi nusu. Nawaelewa, na ni kweli mama wa bi harusi mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini video ya jirani yake ina mioyo na ya kwake haina. Lakini mimi naona disolvu ni neno, lina maana yake. Linasema muda umepita, au kwamba hiki na kile ni kitu kimoja. Ukilisema mara arobaini ndani ya video moja limekuwa "eeh" ya mtu asiyejua aseme nini. Mimi sasa naweka moja, mbili zikizidi. Mara nyingi ni kutoka kwenye picha ya zamani ya bibi akiwa bi harusi kwenda kwenye uso wa mjukuu wake, na hiyo naipa kila inachohitaji: picha mbili zilizotulia, hakuna anayecheza upande wowote, na baada ya disolvu uso unabaki pale muda wa kutosha ujisafishe. Sehemu nyingine zote nakata. Nakata mkono ukiwa katikati ya mwendo, au naitanguliza sauti ya tukio linalokuja sekunde moja kabla ya picha yake: vigelegele vinasikika tukiwa bado tunaangalia hina ikikauka, kisha picha inakata na mlango unafunguka. Sauti inavuka kwa gharama ndogo mno, na mtazamaji anahisi amepelekwa kwa mkono.

Kufifia kwenda kwenye giza kulinishinda kwa muda. Kwa nadharia kunapaswa kuwa rahisi, maana H.264 ina njia ya kuiambia fremu "wewe ni yule yule wa jana, ila mwanga umepungua kiasi hiki". Zangu bado zilikuwa zinavunjika miraba. Chanzo kilikuwa vitu viwili nilivyovichagua mwenyewe. Nilirenda kwa wasifu wa Baseline, ule mwepesi kuliko yote wa H.264, ili simu za zamani zicheze, na Baseline haina njia hiyo. Pia nilitumia kasi ya ultrafast kwa sababu laptopu yangu, yenye prosesa ya i3 isiyo na nguvu nyingi, ilikuwa inachelewa, na ultrafast inazima njia hiyo hiyo, inazima utambuzi wa mikato, inazima mambo mengi ambayo ndiyo akili yenyewe ya x264. Nilihamia wasifu wa High na kasi ya slow. Simu zilizoshindwa kucheza zilikuwa chache kuliko nilivyoogopa. Laptopu nikaiacha ifanye kazi usiku, nalala.

Kuhusu H.265, mrithi wa H.264 wa mwaka 2013: inabana vizuri zaidi, naitumia kuhifadhi kabatini kwangu. Siitumii kwa kutuma, kwa sababu televisheni na simu za watu wazima ninaowatumia mara nyingi ni za zamani, na video isiyofunguka ni mbaya kuliko video nzito.

Lipo jambo dogo la flashi ambalo limewaliza wengi. Flashi nyingi huja na mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32, na televisheni nyingi za zamani hutaka huo huo, nao hauchukui faili moja linalozidi giga 4. Video ya harusi yenye urefu wa saa tatu ukiirenda bila hesabu, kunakili kunagoma. Nagawa faili, au naweka megabiti 2.5 kwa sekunde, inatosha kwa 720.

Na klipu za simu ambazo ndugu wanakuletea, zibadilishe kwanza ziwe na fremu 25 thabiti kabla ya kuhariri. Simu inarekodi fremu kwa kasi inayopanda na kushuka, na mwisho wa wimbo midomo na sauti vimeachana.

Somo moja zaidi, ambalo lilinigharimu harusi nzima mwaka 2017. Nilikuwa nimefuta rekodi ili kupata nafasi kwenye diski, nikabaki na faili lililokwisha kubanwa kwa ajili ya WhatsApp. Familia ikaomba ya kwenye televisheni. Nikaifungua ile ndogo, nikairekebisha, nikairenda kubwa. Ilikuwa kubwa kwa uzito tu. Miraba ya mbano wa kwanza ilibanwa tena kana kwamba ni sehemu ya harusi, na biti nyingi nilizozitoa zilienda kuitunza miraba. Tangu hapo kila kazi ina nakala mama: harusi iliyohaririwa, imerendwa kwa megabiti nyingi, haitumwi kwa mtu, inakaa kwenye diski mbili katika nyumba mbili. Ya flashi inatoka kwake, ya WhatsApp inatoka kwake, hakuna mtoto anayezaa mtoto.

Siku hizi ukituma video kama waraka, WhatsApp inapokea hadi giga 2. Ilianza mwaka 2022. Hesabu yangu bado naifanya, maana anayepokea ana bando lake, na shangazi aliye Salalah, Oman, hanunui giga ili aone mlango ukifunguka. Kwa kila harusi natoa faili dogo lisilozidi mega 16, ndani yake limo tukio moja tu ambalo aliye mbali aliliomba, zima, bila kukatwa. Namuuliza kabla ya harusi: wewe unataka kumwona nani? Jibu lake linakuwa kwenye karatasi mfukoni mwangu kabla sijaweka betri kwenye kamera.

Kilichobaki kunisumbua ni moshi wa udi. Moshi hauna ukingo. Ni mwanga mdogo unaobadilika polepole juu ya ukuta wa giza, na kodeki inauona kuwa si kitu mpaka unapokuwa kitu, ndipo inaurusha kwa mraba mmoja mkubwa. Ukutani panatokea ngazi za kijivu. x264 ina kipengele cha kugawa biti ndani ya fremu, kinaitwa aq-mode, na hali yake ya 3 huyapendelea maeneo ya giza; kinasaidia, hakimalizi. Taa ikitoka nyuma ya moshi inasaidia zaidi, kwa sababu moshi unapata umbo, kodeki inapata cha kushika.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye nyumba moja Makorora. Somo wa bi harusi, yaani kungwi wake, mama wa makamo, alikuwa ameshika chetezo karibu kabisa na ukuta, mkaa umeshakolea.

"Shikamoo mama. Naomba usogee huku kidogo, taa iwe nyuma yako."

"Marahaba mwanangu. Huku?"

"Hapo hapo. Na ukishaweka udi usitembee, upe moshi nafasi."

Akatia vipande viwili, akatulia. Nilisubiri moshi unyooke, ndipo nikabonyeza.